Sabufa ya Jirani
Jirani yangu kanunua sabufa. Nilijua kabla hajaniambia, maana vikombe vyangu kabatini vilishatangaza. Juzi alinikaribisha tutazame filamu, na kwa saa mbili nzima nikasikia kila bomu ila maneno sikuambulia. Masikio yangu hayana kosa. Katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia spika ya katikati, ile inayokaa chini ya runinga. Ya jirani ilitupwa nyuma ya kochi, imefunikwa kitambaa, eti haina besi! Sabufa kazi yake ni mngurumo tu, kuanzia hezi 20 hivi hadi 120, na ukiisukumia kwenye kona ya chumba, kama alivyofanya yeye, besi inazidi kuvimba. Halafu kuna hizi wati tunazouziwa. Boksi limeandikwa 10,000, lakini kibandiko nyuma ya kifaa kinasema kinatumia umeme wa wati 60. Hizo nyingine mita ya umeme haizijui. Hata zingekuwa za kweli, kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu kunaleta desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Tukairudisha ile spika mahali pake, tukashusha besi, tukatandika zulia juu ya vigae vilivyokuwa vikirudisha mwangwi. Hatukununua hata waya. Ndugu msomaji, kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, hebu angalia kwanza spika yako ya katikati iko wapi.