Kabla hujamwita mtoto mwizi, muulize kwao wanachezaje

Mzazi mwenzangu, likizo ya Desemba iliyopita nilimwadhibu mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya. Naomba nikusimulie leo, kwa sababu likizo nyingine inakuja na nyumba zetu zitajaa watoto wa ndugu kutoka kila upande.

Tulikuwa Muleba, nyumbani kwa baba. Kijana wangu wa darasa la sita, aliyekulia Bukoba mjini, alikuwa kivulini na mpwa wangu aliyekuja na mama yake kutoka Masaka kupitia Mutukula. Ni rika moja. Kati yao kulikuwa na ubao wa bao wa babu yao. Mimi nilikuwa uani, nasaidia kunyonyoa senene.

Mara nikasikia kelele: "Mwizi! Baba, huyu anaiba kete!"

Nilipofika, mwanangu alikuwa na mashtaka matatu. Kwanza, mwenzake alipanga kete mwanzoni anavyotaka mwenyewe, akamwacha kwa kuwa ni mgeni. Pili, alikula mashimo mawili kwa mpigo, la mbele na la nyuma. Tatu, alizungusha kete kinyumenyume.

Mpwa wangu alijaribu kujieleza, lakini Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Kwao ni Kiganda, na Kihaya kidogo cha mama yake. Nilichoambulia ni "Mjomba, sikuiba." Nikamwambia aache mchezo aende akakae ndani.

Usiku hakula. Dada yangu hakusema neno, na wewe unajua ukimya wa dada ulivyo mzito.

Asubuhi baba akaniita. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza anacheza bao gani?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani bao ni moja.

Baba alifanya kazi mashambani Uganda alipokuwa kijana. Aliwaita watoto wote wawili, akaweka ubao katikati, akawaambia kila mmoja aonyeshe mchezo wa kwao huku mwenzake akitazama bila kusema. Nami nilitazama. Haya ndiyo niliyojifunza.

Vifaa ni vilevile: safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kukaa kwenye ubao mmoja na kila mmoja akaamini anacheza mchezo wake.

Mwanangu alifundishwa bao la Kiswahili na jirani yetu, mwalimu mstaafu wa kutoka Tanga. Katika bao hilo kila mchezaji ana shimo moja la mbele linaloitwa nyumba, la nne ukihesabu kutoka mkono wako wa kulia. Mwanzoni unaweka humo kete sita, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia. Zinazobaki, 22, unazishika mkononi. Kila zamu unaingiza moja mpaka ziishe, na hatua hiyo huitwa namua. Zikiisha mnaingia mtaji, yaani mnacheza na zile zilizo ubaoni. Ukila, unachukua kete za shimo la mbele la mwenzako tu. Za nyuma haziguswi. Na ulizokula unazimwaga kwako kuanzia mwisho mmoja wa safu yako ya mbele. Unashinda safu ya mbele ya mwenzako ikibaki tupu, au akikosa namna ya kucheza.

Mpwa wangu anacheza mweso, wenyewe Waganda huuita omweso. Hakuna nyumba wala kete za kushika mkononi. Kila mchezaji anapanga kete zake zote 32 upande wake anavyoona zitamsaidia, na kupanga huko ni sehemu ya akili ya mchezo. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mashimo mawili ya mwenzako yanayolikabili yote yana kete, unakula yote mawili, la mbele na la nyuma. Kwa kawaida kete huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Lakini kutoka mashimo manne ya mwisho wa kushoto unaruhusiwa kugeuza mwelekeo, mradi kugeuza huko kukupe ulaji. Anayebaki hana shimo lenye kete mbili au zaidi hawezi kucheza, ameshindwa.

Umeona? Mashtaka yote matatu ya mwanangu yalikuwa kanuni za mweso. Na ushahidi ulikuwa mbele yangu tangu jana yake. Ubao wa baba una mashimo yote ya duara, hauna nyumba ya mraba kama bao za Pwani. Mwanangu ndiye aliyeweka alama ya mkaa kwenye mashimo aliyotaka yawe nyumba.

Sisi wa Kagera tungepaswa kulijua hili mapema kuliko wengine, maana mkoa wetu uko njiapanda. Ukivuka Rusumo unakuta igisoro ya Wanyarwanda, ambayo huanza na kete nne nne katika mashimo manane. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wasukuma, kuna isolo. Zote ni safu nne za manane. Anayeoa, anayehamia kikazi au anayefuata biashara huenda na bao lake.

Wala si mambo ya wazee tu. Mwanao anayeshinda kwenye kibanda cha gemu anaishi katika hali hiyohiyo. Mwaka 1991 kampuni ya Square ya Japani ilitoa Final Fantasy IV, gemu ya hadithi ndefu ambayo mchezaji anaongoza kundi la mashujaa. Mwaka huohuo ilipelekwa Marekani kwa jina la Final Fantasy II, kwa kuwa ya pili na ya tatu za Japani zilikuwa hazijafika huko. Tena ilirahisishwa, baadhi ya mbinu za mashujaa zikaondolewa, na maneno kadhaa yakapunguzwa ukali. Baadaye ya sita nayo ikaitwa ya tatu. Mwaka 1997 ikaja ya saba na namba yake ya Kijapani, Wamarekani wakajikuta wameruka kutoka tatu hadi saba. Weka mtoto aliyecheza ya Japani na aliyecheza ya Marekani wasimuliane: kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Kwa hiyo mzazi, likizo hii jaribu mambo matatu.

Kwanza, kabla watoto hawajaanza mchezo wowote, iwe bao, karata au gemu, kila mmoja aseme kanuni za kwao. Wakubaliane watacheza za nani, na raundi ya pili wabadilishane.

Pili, ukiitwa kuamua ugomvi, muulize kwanza yule asiyejua vizuri lugha ya nyumbani kwako. Mwenye maneno mengi atajitetea tu.

Tatu, kama huna ubao, usinunue. Trei ya mayai ina mashimo 30, yamebaki mawili tu. Kata safu moja ndefu upate nne za mashimo sita sita, kisha katika trei nyingine kata kipande cha mashimo manne kwa mawili na uunganishe. Kete ni maharage. Wadogo waanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete mbili na hakuna namua wala nyumba.

Mimi nilimwomba radhi mpwa wangu siku ileile, mbele ya mwanangu, na baba akinitafsiria. Haikuwa rahisi. Mtoto alitazama chini, kisha akaniuliza kwa Kihaya kama naweza kucheza naye mweso.

Nilicheza. Alinifunga mara tatu, na mara ya tatu alinila kwa kuzungusha kinyumenyume. Mwanangu aliyekuwa akitazama hakupiga kelele za mwizi. Alisema tu, "Baba, hiyo kwao inaruhusiwa."

Tukutane wiki ijayo.