Aida iliimbwa Cairo, Kanyakine tuimbe wapi?

Usiku wa tarehe 24 Disemba 1871, opera ya Aida, kazi ya Mwitaliano Giuseppe Verdi, iliimbwa jukwaani kwa mara ya kwanza duniani. Haikuimbwa Milan wala Roma, bali Cairo, katika bara letu la Afrika. Naikumbusha tarehe hiyo kwa sababu kila nitajapo opera hapa Kanyakine, huambiwa kwamba huo ni upuuzi wa Wazungu usiotuhusu hata chembe.

Unatuhusu. Opera ni hadithi iigizwayo kwa kuimbwa. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, jirani yetu wa kaskazini, aliyetekwa na kufanywa mtumwa nchini Misri. Anampenda Radames, amiri wa jeshi linalopigana na watu wake mwenyewe. Babaye naye anapotekwa, anamwamuru ampeleleze mpenziwe ili ajue njia litakayopita jeshi hilo. Amtii mzazi au autii moyo? Wazee wa Njuri Ncheke wangeielewa kesi hiyo pasipo mkalimani.

Hata hivyo, onyesho lile lilikuwa na dosari. Maleba na mapambo yalikwama Paris wakati Waprusi walipouzingira mji huo, na opera ikachelewa kwa miezi mingi. Lakini dosari kubwa zaidi ilikuwa ukumbini. Waliojaza viti walikuwa wakuu wa serikali, mabalozi na wageni waalikwa. Mkulima wa Misri, ambaye kodi yake ndiyo iliyoendesha fahari zote za mtawala Ismail, hakupata nafasi. Verdi mwenyewe, aliyelipwa faranga 150,000, hakusafiri kwenda Cairo, na alilalamika kwamba umma ulifungiwa nje. Kwake yeye, uzinduzi wa kweli ulikuwa ule wa Milan, Februari 1872.

Sisemi kwamba opera ndiyo iliyomfilisi Ismail. Madeni yake yalikuwa ya mambo mengi, na mwaka wa 1875 aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez, kisha akaondolewa madarakani mwaka wa 1879. Nisemalo ni kwamba sanaa inayogharamiwa na wengi na kutazamwa na wachache ni pambo la mkubwa tu.

Sasa tutazame upande wa pili. Verdi alizaliwa mwaka wa 1813, mwana wa mwenye mkahawa, katika kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Busseto. Mwaka wa 1868 mji huo ulifungua ukumbi wake wa maonyesho wenye viti vipatavyo 300. Viti 300! Kanisa la kawaida hapa Imenti Kusini huweza kuketisha watu wengi kuliko hao.

Wapo watakaoniuliza: ukumbi kwanza, au dawa hospitalini? Swali hilo ni la haki, nami siwezi kumnyima mgonjwa dawa ili nipate wimbo. Lakini Katiba ya 2010 haikututaka tuchague. Nyongeza ya Nne imezikabidhi serikali za kaunti afya na, papo hapo, shughuli za utamaduni pamoja na majengo yake. Jukumu la pili halifutwi na la kwanza.

Vipaji tunavyo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, limewafunza wanafunzi wetu kuimba nyimbo za kwao na za ng'ambo. Lakini akishamaliza kidato cha nne, kijana huyo ataimba wapi? Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka wa 1952, uko Nairobi, na nauli ya kufika huko ni kikwazo tosha.

Kwa hiyo nawasihi waheshimiwa wa bunge la kaunti ya Meru, watakapokaa kuijadili bajeti, watutengee ukumbi wa kadiri ya ule wa Busseto, na milango yake iwe wazi kwa mchuma chai na mwuza ndizi. Ngoma isiyo na uwanja haichezeki.