Kobe wa Kisauni Hahitaji Taa Yako

Mwaka jana nililipwa kuandika makala kadhaa za Kiingereza kuhusu kumpasha joto kobe au mjusi anayefugwa ndani ya tangi la kioo. Mteja yuko ng'ambo na jina langu halionekani popote. Niliacha chuo mwaka wa pili. Vibarua kama hivi ndivyo hunilipia nyumba hapa Kisauni. Basi nikawa naandika "hakikisha taa inawaka" huku jasho linadondokea kibodi, na feni inanipulizia hewa ya moto chini ya mabati.

Kisha kijana wa ploti yetu akaletewa kobe. Akamtia kwenye tangi kuukuu la samaki, akaning'iniza balbu ya wati 100 juu yake, mchana na usiku. Nilipomuuliza akanijibu, "Nimesoma, kaka. Lazima apate joto." Akanionyesha simu. Maneno hayakuwa yangu, lakini yangeweza kuwa yangu: taa zilezile, woga uleule wa baridi. Siku ya tatu tulimkuta kobe mdomo wazi, povu limemtoka, kajibana kwenye kona ya kioo. Tulimtoa tukamweka kivulini na maji. Magharibi haikumkuta.

Wanaouza vifaa hivi wanakuuliza uchague: taa, mkeka wa umeme, au jiwe la umeme? Mimi nasema swali lenyewe limekosewa. Kobe hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Huliazima nje: akilitaka huenda juani, likimtosha hurudi kivulini. Uhai wake uko kwenye kule kusogea. Ukimfungia kwenye kioo chenye moto kila upande, umempokonya dawa yake ya pekee. Halafu kioo chenyewe huzuia sehemu kubwa ya ile miale ya jua inayomsaidia kupata vitamini D ya kujenga mifupa na gamba. Yaani unalipia tokeni za stima kumnyima kitu ambacho nje ni bure.

Mtu wa London ana haki ya kununua taa. Januari yake si yetu. Hapa Machi mchana hugonga nyuzi 32, na hata usiku wa Julai, kusi ikivuma, ni kama nyuzi 20. Nenda Haller Park, pale Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Mzee, yule kobe mkubwa aliyezoeana na Owen, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, hakupata umaarufu chini ya balbu. Alikuwa nje, na jua, miti na maji.

Utaniambia, si Kenya yote ni Mombasa. Kweli. Wa Limuru ana baridi ya haki, na mnyama mgonjwa au mchanga huenda akahitaji msaada. Hapo chukua kipasha joto cha kauri, kisichotoa mwanga wa kumsumbua usiku, kifunge upande mmoja tu, kiwe na kidhibiti cha kukizima joto likizidi. Jiwe la umeme achana nalo kabisa. Linaunguza tumbo kabla mnyama hajajua anaungua. Lakini kabla ya yote nunua kipimajoto, ukisome. Pwani kitakwambia unachohitaji ni ua, kivuli na beseni la maji.

Na tusidanganyane: yule kobe hakuwa na kibali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kuokota kobe porini ukamfanya wako. Kibali hutoka KWS. Sikumwambia kijana yule mapema. Nilikuwa bize kumwandikia mtu wa ng'ambo namna ya kuchagua taa.

Kazi iliyofuata ilipokuja, nilitanguliza sentensi moja: "Kwanza, angalia unaishi wapi." Makala yakarudi, sentensi imefutwa. Eti inawachanganya wanunuzi. Pesa nilichukua, nina kodi ya kulipa. Lakini nikashuka ngazi, nikaomba lile tangi, nikang'oa balbu. Sasa limejaa michicha, liko uani, juani.