Saa ya Baba Iliyolala Sandukuni

Mama mmoja wa Katuba, mjane, alitujia baada ya Misa ya Dominika akishika leso iliyofungwa fundo. Ndani ya leso ile mlikuwa na saa ya mkono ya marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya zamu kiwandani kwa miaka mingi. Tangu siku ya mazishi saa hiyo ilikuwa imelala sandukuni chini ya nguo, miaka 11 mizima. Mwanawe wa kwanza alipofika darasa la mwisho la sekondari, mama akaitoa, akampa, ili asichelewe mtihani wa Serikali. Kijana akaitikisa mara mbili tatu, nayo ikaanza kwenda. Nyumba nzima ikafurahi kana kwamba baba mwenyewe amepiga hodi.

Haikupita miezi minne. Saa ikaanza kuchelewa, kwanza dakika mbili kwa siku, kisha robo saa, mwisho ikasimama kabisa. Hapo ndipo neno lilipozuka katika ukoo. Baba zake wadogo kijana wakasema kwamba ameua saa ya baba yake kwa utundu wake, na kwamba mtoto asiyejua kutunza kitu cha marehemu hastahili kukabidhiwa kingine. Mama akatuuliza kwa uchungu: “Ni kweli mwanangu ndiye aliyeiharibu?”

Tulimjibu palepale. Lakini kwa kuwa nyumba nyingi za Kenya, za Ruashi na za Kamalondo zina saa kama hiyo iliyofungwa katika leso, tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, kabla ya vijana wengine kuhukumiwa bure.

Saa isiyotumia betri ni mashine kamili. Ndani yake mna kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa, ambao ukikazwa hutaka kujikunjua. Nguvu yake hupita katika magurudumu madogo mpaka ifike kwenye gurudumu la mizani, linalokwenda huku na huku likiongozwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za zamani mizani huenda au kurudi mara 18,000 kwa saa moja. Hesabuni wenyewe, ninyi wanafunzi: mchana na usiku mmoja ni mara 432,000. Ncha za mhimili wake ni nyembamba mno, nazo huzunguka ndani ya vijiwe vya rubi, juu ya tone la mafuta dogo kuliko tundu la sindano. Tone hilo ndilo uhai wa saa.

Sasa mama zetu mnajua yanayoyapata mawese katika baridi ya mwezi wa Juni. Yanaganda. Mafuta ya saa nayo hugeuka kwa miaka, hata kama saa haikuvaliwa na mtu: mengine hukauka, mengine huwa mazito kama gundi, mengine hutawanyika yakaacha ncha za chuma zikiwa tupu. Saa ikiamshwa katika hali hiyo itakwenda, naam, maana kamani haijui kwamba mafuta yamekwisha. Lakini kila inapogonga, chuma husugua jiwe pasipo mafuta, na vumbi lililomo hufanya kazi ya msasa. Miezi minne ile ambayo jamaa walikuwa wakifurahi, ncha za mhimili zilikuwa zikiliwa kidogo kidogo.

Basi kijana hakuiua kwa utundu. Kosa, kama ni kosa, ni la wote waliokuwapo sebuleni wakishangilia, hata watu wazima, kwa kuwa hapana aliyesema, “Ngojeni kwanza, ipelekeni kwa fundi.” Wale wanawali watano wa Injili hawakukosa taa, walikosa mafuta, na saa ya marehemu ilikuwa katika hali iyo hiyo. Saa iliyolala zaidi ya miaka michache haifai kutikiswa wala kutiwa ufunguo. Ifunguliwe na fundi, ioshwe kila kipande, itiwe mafuta mapya, ndipo ivaliwe. Hata saa inayovaliwa kila siku yahitaji kazi hiyo kila baada ya miaka minne au mitano hivi. Msingoje isimame, kwa maana siku ya kusimama huwa imekwisha kula vipande vyake.

Katika nchi yetu adui wa pili ni vumbi. Tangu mwezi wa Mei hata Septemba mvua haipo, na vumbi jekundu la Lubumbashi huingia katika chakula, katika vitabu vya sala na katika saa. Njia yake ni ule ufunguo wa pembeni na ule mpira mwembamba ulio chini ya kifuniko cha nyuma. Jambo hili liliwasumbua hata watu wa Ulaya. Mwingereza John Harwood, fundi wa saa aliyepata kuwa askari katika vita kuu ya kwanza, alitambua ya kuwa uchafu na unyevu hupenya mahali pa ufunguo. Akaazimia kuunda saa ya mkono isiyokuwa na ufunguo huo, itakayojikaza kwa mwendo wa mkono wa mwenyewe, na mwaka 1924 akapewa hati ya uvumbuzi huko Uswisi. Twaona basi kwamba uvivu wa watu siyo uliozaa saa ya kujikaza yenyewe. Vumbi lilikuwa na sehemu yake.

Sisi wenyewe tuna ungamo hapa. Zamani tulipata saa ambayo kioo chake kilikuwa na doa kwa ndani, nasi tukaona ni kazi ndogo. Tukakaa mezani jikoni, tukafungua kifuniko kwa kisu cha mkate, tukapuliza kwa mdomo. Mate yakaingia. Baada ya miezi miwili kutu ilikuwa imeshika kamani nyembamba, na fundi alipoitazama kwa lenzi yake alitutazama na sisi pia, asiseme neno. Tangu siku ile tunafuta saa kwa nje tu.

Kazi ya mwenye saa ni ndogo, wala haimpasi kufungua kitu. Saa ya kutiwa ufunguo ijazwe mara moja kwa siku, na afadhali asubuhi, saa ile ile kila siku, kwa mfano mara baada ya sala ya asubuhi. Zungusha polepole, ukisikia inagoma, acha, usishindane nayo. Saa nyingi za namna hii zikijaa huenda zaidi kidogo ya siku moja na nusu, kwa hiyo ukichelewa saa chache huenda ikavumilia, siku mbili haivumilii. Saa ya kujikaza yenyewe haihitaji hayo ikivaliwa mchana kutwa na mtu anayetembea na kufanya kazi. Ila mzee anayeketi barazani siku nzima asishangae ikisimama usiku: mkono wake haukuipa chakula cha kutosha. Wengi wetu twaijua Seiko 5, iliyotokea Ujapani mwaka 1963 na kuenea pande zote za Afrika. Nyingi katika hizo ufunguo wake hauikazi kamani kabisa, ni wa kuweka saa na tarehe tu. Ikisimama, ishike, uiyumbishe taratibu kwa ubavu kama unavyopepeta, halafu uivae. Kuitikisa kwa nguvu kama chupa ya dawa hakuna faida.

Penye tarehe pana mtego. Magurudumu yanayogeuza tarehe hushikana kabla ya usiku wa manane na kuachana baada yake. Ukilazimisha tarehe kwa ufunguo wakati huo, tangu saa tatu hivi kabla ya usiku wa manane hadi saa tatu hivi baada yake, waweza kuvunja jino. Wanaosafiri kwa ndege kwenda Kinshasa wakumbuke hili, kwa kuwa kule saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja: wakifika usiku, warekebishe asubuhi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao mtu hawezi kuuona kwa macho, nao ni sumaku. Ile kamani ya mizani ikipata sumaku, mizunguko yake hushikamana, ikawa kama imekatwa fupi, na saa ikakimbia dakika nyingi kwa siku. Sumaku imo katika vipaza sauti vya redio, katika simu za mkononi, katika vifungo vya mikoba ya akina mama. Wanaofanya kazi ya umeme wajihadhari zaidi. Huko Likasi, katika kiwanda cha Shituru kilichoanza mwaka 1929, shaba husafishwa kwa mkondo mkubwa mno wa umeme, na penye mkondo mkubwa sumaku nayo ni kubwa. Saa ikikimbia ghafula, msimruhusu mtu kugusa kamani yake kabla hajaipima sumaku. Fundi mwenye chombo chake huitoa sumaku kwa dakika moja bila hata kufungua kifuniko.

Tukitaja viwanda, tunaongeza neno ambalo wanafunzi wetu watalipenda. Bamba zinazobeba magurudumu ya saa ni za shaba iliyochanganywa na zinki. Na kamani ya saa nyingi za kisasa si chuma kitupu: mchanganyiko uitwao Nivaflex, unaotumika sana huko Uswisi, una kobalti zaidi ya sehemu 40 katika 100. Tangu tanuri la Lubumbashi lilipowashwa mwaka 1911, shaba ya Katanga imekwenda pande zote za dunia, na kobalti ikaifuata. Hatuwezi kujua ni shimo gani lililotoa madini ya saa ya mtu fulani. Lakini mzee wa zamu aliyeitazama saa yake akingoja king'ora, alitazama kitu cha jamii moja na kazi ya mikono yake.

Mvua zikirudi, maji nayo hurudi. Maandishi ya nyuma ya saa yasiwadanganye. Mpira wa kuzuia maji huzeeka kama mpira wowote, na saa iliyostahimili mto miaka 20 iliyopita leo haistahimili beseni la kunawia. Ukiona ukungu chini ya kioo, ipeleke kwa fundi siku ile ile, kwa maana kutu haingoji Jumatatu. Wako wanaoiweka juu ya mbabula ili ikauke. La hasha! Moto huyatawanya mafuta, huharibu mpira, nayo maji hubaki ndani. Mkanda wa ngozi ufutwe jasho kila jioni. Wa chuma uoshwe kwa mswaki wa zamani na sabuni kidogo, ukiwa umetolewa kwenye saa. Na mwenye kutwanga, kupasua kuni au kucheza mpira aivue kwanza.

Tumebakiwa na habari ya fundi. Wengi wa wanaokaa kandokando ya barabara na meza ndogo ya kioo ni watu waaminifu na wenye mikono mizuri kuliko tunavyofikiri. Hata hivyo andika namba iliyo nyuma ya saa kabla hujaiacha. Mwombe akufungulie mbele yako, uione ilivyo ndani, ukapige picha kama una simu. Uliza kama ataiosha au atadondosha mafuta juu tu, maana mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani hayasaidii. Mwambie pia akurudishie kipande cha zamani atakachobadilisha. Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Anayechukizwa, mwage kwa heri.

Watu watasema simu inashika saa vizuri kuliko hivi vyuma, na ni kweli, hatubishi. Saa njema ya kamani hukosea sekunde kumi au ishirini kwa siku. Lakini simu umeme ukikatika siku mbili hunyamaza, na baada ya miaka michache hakuna anayeitengeneza. Saa ya kamani, ikioshwa na kutiwa mafuta kwa wakati wake, baba huweza kumwachia mwana, na mwana mwanawe. Nao Mapadre Wabenedikto, waliofika Katanga mwaka 1910, walikuwa na sura nzima katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 47, inayomkabidhi Abate mwenyewe ulinzi wa saa za sala. Kutunza saa hakukuwa kazi ya watoto.

Tulikwenda na yule mama kwa fundi. Alifungua, akatuonyesha: mafuta yalikuwa yamekuwa kahawia, na ncha moja ya mhimili imelika upande. Akatafuta mhimili mwingine katika saa mbovu ya aina ile ile, kazi ikachukua majuma matatu. Tukamwomba auweke ule wa zamani katika karatasi. Mama aliubeba, na jioni ile baba mdogo mkubwa aliupokea kiganjani, akauweka chini ya taa, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita kijana, akamfunga saa mkononi yeye mwenyewe.