Kabla ya Kununua Ruta, Piga Hodi

Miongoni mwa maneno yanayotutia hasara siku hizi sisi tusemao Kiswahili, sidhani kama liko lenye hatia kubwa kuliko neno "kasi". Muuzaji wa ruta, yaani kile kisanduku kinachoipokea intaneti na kuigawa nyumbani bila waya, hulitamka mara kumi kwa dakika moja. Mnunuzi naye huitikia kwa kichwa, akatoa fedha, akaenda zake. Wala si kwamba muuzaji amesema uongo. Tatizo ni kwamba kasi aliyoitaja yeye siyo kasi aliyoikusudia mnunuzi.

Yaliyonisukuma kuandika haya yalinikuta Shela, kisiwani Lamu, likizo ya Agosti, nyumbani kwa dada yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya sekondari. Waijuao Shela watakumbuka vichochoro vyake, punda wake, na nyumba zake za mawe ya matumbawe. Nyumba ya dada ni mojawapo ya hizo za kale. Ukuta una unene wa karibu nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazina urefu wa kubeba dari pana, na kila chumba kiko nyuma ya kingine, kuanzia dakani na kiwandani hadi ndani kabisa. Humo ndani kabisa ndimo ilimowekwa ruta, katika kidaka cha ukutani ambamo zamani zingepangwa sahani za kaure.

Nilikuta mgogoro. Dada alikuwa amempiga mwanawe marufuku kucheza mpira wa mtandaoni jioni, kwa hoja kwamba mchezo ule "unakula" intaneti yote, hata video za masomo anazowatumia wanafunzi wake hazipandi. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne, naye alishikilia kwamba ni mama anapoanza kazi ndipo wachezaji wake wanapoganda uwanjani. Jambo moja tu walikubaliana: dawa ni ruta mpya, ile iuzwayo kwa jina la wachezaji wa michezo ya kompyuta, yenye antena nane kama miguu ya buibui, na boksini imeandikwa AX5400. Dada alikuwa ameshachukua fomu ya mkopo katika chama cha akiba cha walimu.

"Mjomba," kijana akaniambia, "hii kasi yake ni mara tano ya ile yetu."

Sina budi kukiri hapa kwamba "ile yetu" niliinunua mimi. Nami niliichagua vivyo hivyo, kwa kutazama tarakimu kubwa iliyoandikwa boksini.

Hebu tulitenganishe neno hili. Jahazi litokalo Mombasa na shehena ya saruji hubeba tani nyingi, lakini huchukua muda kufika. Boti ndogo ya injini itokayo gati la Lamu kuja Shela hubeba watu wachache, nayo hufika baada ya dakika chache. Ni kipi chenye kasi? Anayejenga nyumba atasema jahazi, kwa kuwa boti ingemletea mfuko mmoja mmoja hadi mwaka uishe. Anayetaka kumuuliza jamaa yake swali na kurudi na jibu atasema boti. Katika intaneti pia mna mambo haya mawili. La kwanza ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja, nacho hupimwa kwa megabiti. Hili naliita wingi. La pili ni muda unaopita tangu kifaa chako kiulize hadi kijibiwe, nao hupimwa kwa milisekunde. Hili naliita mwitiko.

Wataalamu wa kompyuta wana programu ya kupima mwitiko iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983. Jina hilo alilitoa katika mlio wa vyombo vinavyotafuta nyambizi baharini. Sisi hatuna haja ya kwenda vitani kutafuta mfano. Programu ile hufanya lile tulifanyalo kila siku mlangoni pa mtu: hubisha hodi, kisha ikahesabu muda hadi isikie "karibu".

Sisemi kwamba asiyekuwa na neno hana fikra. Mpwa wangu hakuwa na istilahi yoyote, lakini vidole vyake vilijua vema kwamba pigo lake la mpira limechelewa. Nisemalo ni kwamba asiyekuwa na neno hawezi kuuliza swali dukani, na asiyeuliza swali huuziwa jibu la mtu mwingine.

Basi tuliketi na kompyuta tukaanza kubisha hodi. Kwanza tuliibishia ruta yenyewe. Tulipokuwa chumba kimoja nayo, jibu lilirudi baada ya milisekunde 2 au 3. Tulipopanda chumbani kwa kijana, ng'ambo ya kuta mbili, lilichukua hata milisekunde 90, na hodi nyingine hazikuitikiwa kabisa. Kisha tukarudi chini, tukaibishia seva iliyoko Ulaya: milisekunde 160. Mwisho nikamwomba dada aanze kupandisha video ya somo lake, tukabisha tena Ulaya: zaidi ya 700. Nikamwita aje atazame. Wakati huo hapakuwa na mchezo wowote uliokuwa ukichezwa.

Tarakimu hizo nne zilitueleza mengi kuliko boksi zima. Tuzichukue moja moja.

Ile ya chumbani ni kazi ya ukuta. Ruta nyingi za leo hutumia masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Aliyewahi kulala jirani na harusi anajua kwamba mdundo wa ngoma hupenya kuta ukamfikia kitandani, ilhali mlio mwembamba wa zumari huishia nje. Gigahezi 2.4 ndiyo ngoma. Hupenya zaidi, lakini hubeba kidogo, na pale Shela hugombaniwa na ruta za nyumba za wageni zilizo kila upande. Gigahezi 5 ndiyo zumari. Hubeba kingi, lakini mbele ya nusu mita ya matumbawe hufa. Kuongeza antena hakubomoi ukuta. Na kuiweka ruta kidakani, jiwe likiwa nyuma yake na ubavuni pote, ni sawa na kumfungia mwadhini chumbani kisha kumlaumu kwamba hasikiki.

Ile ya video ni kazi ya foleni. Dada anapopandisha video, pakiti za data hufika rutani kwa wingi kuliko njia ya kutokea inavyoweza kuzipitisha, nayo ruta huzipanga zingoje. Pakiti ndogo ya mchezo ikija, husimama nyuma ya video nzima. Ugonjwa huu unajulikana, na dawa yake inajulikana pia. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu waliyoiita CoDel, ya kuizuia foleni isirefuke kupita kiasi, na mbinu za namna hiyo sasa zimo katika ruta nyingi zisizo za bei ya juu. Pengine mnunuzi atakuta herufi SQM katika maelezo yake. Mchezo wenyewe hauli kitu. Unapochezwa, aghalabu hutumia chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Kilicho kizito ni kuupakua mara ya kwanza, na hilo laweza kufanywa usiku watu wamelala.

Ile ya Ulaya haina mganga. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, nayo kebo ya baharini haiendi kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi tu kunamaliza milisekunde zaidi ya 60 kabla ya mashine yoyote kufanya kazi yake. Michezo mingi mashuhuri seva zake ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini, wala hakuna ruta ya kuisogeza Frankfurt karibu na Lamu. Kadhalika kwa wanaotumia setilaiti. Tangu huduma ya Starlink ianze Kenya Julai 2023, mwitiko wake umekuwa bora kuliko ule wa setilaiti za zamani kwa sababu setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, ilhali zile nyingine ziko karibu kilomita 36,000. Sababu ni umbali, si uzuri wa kisanduku cha nyumbani. Na kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilidhoofika kwa mwenye ruta ya bei ghali na mwenye ya bei rahisi sawasawa.

Je, na ile 5400? Ni hesabu ya kujumlisha. Masafa ya 2.4 yamepewa megabiti 574, masafa ya 5 yamepewa 4804, zikajumlishwa na kukadirishwa juu. Ni kilele cha maabara, ambacho simu moja chumbani haikifikii. Laini ya dada inaleta megabiti 20. Kuifungia ruta ya 5400 ni kama kujenga lango la Ngome ya Lamu mwishoni mwa kichochoro apitamo punda mmoja.

Tulifanya nini basi? Tuliiondoa ruta kidakani tukaipandisha msana wa juu, mahali palipo wazi panapotazama kiwanda, mbali na upepo wa chumvi unaokula viunganishi. Tukavuta waya kando ya ngazi hadi chumbani kwa kijana, maana waya hauujui ukuta. Katika mipangilio ya ruta ile kuukuu tukakuta sehemu ya kusimamia foleni, imezimwa tangu siku niliyoinunua. Tukaiwasha, tukaiwekea kikomo kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini. Usiku ule dada alipandisha somo lake huku mwanawe akicheza, na hodi ya Ulaya haikuzidi milisekunde 180. Gharama yote ilikuwa waya wa mita 30 na viunganishi vyake, vilivyoletwa kwa boti kutoka mjini. Fomu ya mkopo ilirudishwa haijajazwa.

Hii haina maana kwamba ruta mpya hainunuliwi kamwe. Kama yako haina masafa ya gigahezi 5, kama mtengenezaji amekwisha kuacha kuiletea marekebisho ya usalama, au kama haijui ulinzi wa WPA2 wala WPA3, ibadilishe. Lakini chagua kwa vigezo hivi: iwe ya kizazi cha sita cha Wai-fai ya daraja la kati, iwe na usimamizi wa foleni, iwe na matundu ya waya ya kutosha, na iwe imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kisha fedha zinazobaki zitumie kwa waya na, nyumba ikiwa kubwa, kwa kituo cha pili kilichounganishwa kwa waya.

Najua mwalimu mwenzangu atauliza: msomi mzima unatumia nafasi ya gazeti kutetea michezo ya watoto? La hasha. Filamu na video iliyorekodiwa huhifadhi akiba mbele yake, ikaficha ucheleweshaji. Mchezo hauna akiba ya kuhifadhi, maana la sekunde ijayo bado halijatokea. Ndivyo lilivyo pia somo la ana kwa ana kwa mtandao, mahojiano ya kazi, na mazungumzo na daktari aliye mbali. Kijana anayelalamika kwamba mchezo umeganda anatuletea kipimo, nasi tumezoea kukipokea kama utundu. Pale Shela kipimo hicho kilikuwa sahihi, na hukumu ya mama ilikuwa na kosa. Dada mwenyewe alilisema hilo mbele ya mwanawe, jambo ambalo walimu wengi tunaliona gumu.

Ombi langu kwa walimu ni jepesi. Mwalimu wa Fizikia na mwalimu wa Kiswahili waingie darasani pamoja kwa kipindi kimoja. Wanafunzi wabishe hodi, wapime, waandike tarakimu ukutani, kisha waeleze kwa Kiswahili fasaha kwa nini zinatofautiana. Maneno wingi na mwitiko si lazima yakubalike. Wakipata yaliyo bora nitayapokea kwa furaha. Lakini wasitoke darasani na neno moja kwa mambo mawili, kwa kuwa wao ndio wanaotumwa na wazazi wao dukani.

Nawe mwanafunzi, siku muuzaji atakapokuambia kwamba ruta hii ina kasi, muulize kwa adabu: kasi ya kubeba, au kasi ya kuitika?