Ahsante ya Jumla Haimfikii Mtu



Mwaka unafungwa, na kila kikundi kinapanga siku yake ya kukusanyika. Sisi na familia zetu tumo katika klabu ndogo ya wenye magari hapa Unguja. Si magari ya fahari. Mengi ni ya zamani, na yamo yasiyowaka asubuhi mpaka yasukumwe. Lakini klabu hii imetufaa sana. Imepeleka mabibi harusi wetu, imechukua watu kwenda maziko Mwanakwerekwe, na kila mwisho wa mwaka hutupeleka sote ufukweni: msafara mmoja kutoka Mjini, unapita Tunguu na msitu wa Jozani, mpaka Paje.

Mwaka jana siku hiyo ilifana. Pilau iliiva vizuri, watoto waliogelea mpaka wakachoka. Kisha zikaja hotuba. Aliyetoa mafuta akatajwa kwa jina. Aliyetoa gari la kubebea viti akatajwa, akapigiwa makofi na kupewa cheti. Mwisho msemaji akasema, "Na tunawashukuru kina mama wote kwa chakula," akakaa.

Sisi tulikuwa nyuma tunasugua masufuria. Tukaangaliana tukacheka, maana ndivyo tulivyozoea. Mmoja wetu hakucheka. Huyu ndiye aliyeshika daftari la michango kwa miaka minne. Ndiye anayewakumbusha watu kwa simu mpaka wanamkimbia, na pesa zikipungua hujazia kutoka mkobani mwake. Usiku wa kuamkia safari hakulala, alikuwa anakaanga vitunguu.

Mwaka huu daftari lilirudi mkononi mwa mtoto, na ujumbe mfupi: "Nimechoka, dada zangu. Niwieni radhi." Miezi mitatu daftari likakaa bila mwenyewe. Kila aliyeombwa alikuwa na udhuru. Tukaanza kuona kwamba safari yenyewe inaweza isiwepo.

Wapo waliotuambia kuwa mtu wa kujitolea hafanyi kwa ajili ya kutajwa, anafanya kwa ajili ya Mungu. Ni kweli, na Qur'ani imewasifu wanaowalisha wenye shida bila kutaka malipo wala shukrani. Lakini hayo ni maneno ya mwenye kulisha, si ya aliyekula akashiba. Aliyekula naye ana somo lake: Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu huwa hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Mtoaji anaulizwa nia yake, mpokeaji anaulizwa shukrani yake. Sisi tumechukua nia njema ya mwenzetu tukaifanya kisingizio cha ubahili wa ulimi.

Wala tusiwatupie lawama wanaume peke yao. Katika msafara ule yuko kijana anayeendesha gari la mwisho kila mwaka. Amebeba kamba ya kuvutia, jeki na madumu ya maji ya rejeta. Gari likizimika Jozani, yeye ndiye anayesimama, wengine tunapita tunapunga mikono. Akifika Paje, sufuria imebaki ukoko. Sisi tuliopakua, je, tuliwahi kumwekea sahani? Hatukuwahi. Tunalalamika kwamba hatuonekani, na sisi wenyewe tuna mtu tusiyemuona. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wazee, lakini kumsahau mtu nako kunauma.

Kwa maoni yetu, kikundi chochote kinachofunga mwaka kifanye mambo matatu.

Kwanza, mtu atajwe kwa jina na kwa kazi yake. Ahsante ya "kina mama wote" haimfikii hata mmoja. Sema fulani alikesha jikoni, fulani alikagua breki za magari yote bila kuchukua hata shilingi. Kama hujui nani alifanya nini, uliza kabla ya kushika kipaza sauti.

Pili, aliyehudumu mwaka mzima siku hiyo akae jamvini, na sahani ya kwanza iwe yake. Wasiohudumu wapakue na kuosha vyombo, wanaume wakiwemo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mzigo ugawanywe. Daftari lishikwe na watu wawili na libadilishe mikono kila baada ya miezi sita. Pesa aliyojazia mtu mkobani mwake ni deni, si sadaka, mpaka mwenyewe aseme ameisamehe. Ilipwe kwanza, vyeti vifuate.

Tarehe 5 Disemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu wa Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Lakini sisi tuna mafunzo ya nyumbani pia. Kule Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka mzima viishe, na mwaka mpya uanze kwa moyo mweupe. Sisi hatuhitaji migomba. Tunahitaji kukaa na kuhesabiana yaliyotendeka, mazuri na yaliyoumiza.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa mwenzetu. Tulichukua doti ya kanga, na pesa alizojazia miaka yote minne, tulizozihesabu kutoka kwenye daftari lake mwenyewe. Alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Daftari sichukui tena. Lakini Paje nitakuja."

Hayo yanatutosha. Daftari sasa tunalo wawili, na tayari tumeonja ugumu wake. Yeye mwaka huu atakaa chini ya minazi, na sahani ya kijana wa gari la mwisho itafunikwa mapema, inshallah.

Na wewe msomaji wetu, kabla mwaka haujaisha, nani hujamtaja?