Zulia la Chombo cha Zamani

Tarehe 20 Aprili 2023, tulipokuwa sisi katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1444, huko Marekani watu wazima kwa maelfu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakifuta machozi. Hapakuwa na msiba. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia iitwayo Star Trek: Picard, iliyokamilisha misimu 3 na sehemu 30. Kwa asiyeifahamu, hii ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, inayosimulia mabaharia wa karne zijazo wanaosafiri baina ya nyota kama wazee wetu walivyosafiri baina ya bandari. Nahodha wao, Jean-Luc Picard, huigizwa na Mwingereza Patrick Stewart, ambaye siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 82.

Huenda msomaji akauliza, ukurasa wa familia una shughuli gani na vyombo vya angani? Tunaomba subira yake. Yaliyosemwa na mashabiki baada ya sehemu ile kwisha yanahusu wazee na vijana, kuaga na kutoaga, na namna watu wanavyoipenda jana yao hata wakawa tayari kuinunua. Hayo ni mambo ya kila nyumba.

Asili ya jambo lenyewe ni tamthilia nyingine, Star Trek: The Next Generation, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1994, sehemu 178. Watoto wa zama hizo walikua nayo wiki kwa wiki. Kisha wahusika wale wakahamia kwenye sinema, na sinema yao ya mwisho, Nemesis ya mwaka 2002, haikupata watazamaji wa kutosha. Ndani yake Data, roboti mwenye umbo la binadamu aliyependwa kuliko wengi, alikufa. Wenzake wakatawanyika, na pazia likashuka bila maneno ya kuagana. Mashabiki wakabaki na kile ambacho aliyefiwa na msafiri hukijua: waliachwa bila kushikana mikono.

Stewart aliporejea mwaka 2020 hakutaka kuwarudisha wenzake wa zamani kwa wingi. Alisema waziwazi kwamba hakuwa na haja ya kurudia yaliyokwisha kufanywa. Misimu 2 ya kwanza ikaenda njia nyingine, na wengi wakanung'unika. Ndipo msimu wa 3, chini ya mwongozaji wa mradi Terry Matalas, ukawakusanya wote: Jonathan Frakes, Brent Spiner, LeVar Burton, Michael Dorn, Gates McFadden na Marina Sirtis. Mvi zimewaota, sauti zimekwaruza, nao wakapandishwa tena katika chombo chao cha zamani, Enterprise-D.

Chombo hicho kilikuwa hakipo. Jukwaa la awali lilivunjwa miaka mingi kabla, ikabidi mafundi walijenge upya sebule yote ya usukani kwa kutazama picha na michoro, kiti kwa kiti, taa kwa taa, hadi zulia la sakafuni. Katika hadithi yenyewe nahodha anataja kwamba zulia ndilo alilolikosa. Sauti ya kompyuta iliyowakaribisha ni ya Majel Barrett, aliyefariki mwaka 2008. Walitumia rekodi zake za zamani. Na katika sehemu ya mwisho inasikika sauti ya mzee Walter Koenig, mmoja wa waigizaji wa kundi la kwanza la miaka ya 1960, akiigiza rais aitwaye Anton, jina lililochaguliwa kumkumbuka kijana Anton Yelchin, aliyeigiza nafasi ya Koenig katika sinema za baadaye na kufa kwa ajali mwaka 2016.

Wengi waliposikia sauti ile na kuona zulia lile, walishindwa kujizuia. Wenye kejeli waliwacheka: mtu mzima analilia zulia! Sisi hatuwacheki. Anayeingia nyumba ya marehemu bibi yake akaona mkeka ule ule pembeni mwa ukuta ule ule hahitaji kuelezwa. Mashabiki wengi walikuwa wakiwakumbuka waliokaa nao kochi moja miaka ile, baba aliyetoka kazini amechoka, kaka ambaye sasa yuko mbali. Zulia lilikuwa la nyuzi za studio, lakini waliokuwa wamekaa upande wa pili wa kioo walikuwa watu wa kweli.

Hata hivyo si wote walioridhika, na manung'uniko yao yana uzito kuliko wanavyodhani waliosifu. Kwa ufupi kisa ni hiki. Adui wa zamani, Borg, umma wa viumbe nusu watu nusu mashine wanaomeza nafsi ya kila wanayemteka, wanapandikiza mbegu yao kwa siri ndani ya mabaharia wote. Mbegu hiyo inawashika wale tu ambao hawajatimiza miaka 25, kwa hoja kwamba ubongo wao haujakomaa. Kwa dakika moja vijana wa jeshi zima wanageuka maadui, wanawapiga risasi wakubwa wao, na vyombo vyote vipya vilivyounganishwa pamoja vinakuwa silaha mkononi mwa adui. Wanaonusurika ni wazee, na chombo kinachofaa ni kile kikuukuu kilichokuwa makumbusho, kwa sababu hakikuunganishwa na vingine. Wazee wanakwenda, wanaokoa dunia, wanarudi.

Baadhi ya mashabiki, hasa vijana, waliuliza: je, hii ndiyo salamu yenu kwetu? Kwamba sisi ni wepesi kutekwa, na kwamba kila kipya ni mtego? Swali hilo ni la haki. Tamthilia iliyojijengea jina kwa kuutazama wakati ujao kwa matumaini iliishia kusema kwamba usalama uko nyuma. Tunajua vema ladha ya maneno hayo, maana katika vikao vyetu nayo hayakosekani. Ni rahisi mno kwa wenye mvi kuamini kwamba akili ilikoma kuzaliwa walipozaliwa wao. Kijana akilisikia hilo mara mia, huacha kuja kikaoni, kisha tunashangaa safu ya nyuma iko tupu.

Lakini haki hiyo hiyo inatutaka tuseme upande wa pili. Ushindi wenyewe haukuja kwa mzinga. Picard ana mwana, Jack, aliyefichwa naye na mama yake kwa zaidi ya miaka 20 (suala la ndoa waandishi wamelipita kimya, nasi leo tunalipita). Kijana huyo ametekwa, na sauti ya umma ule inamwambia kwamba huko hatakuwa mpweke tena. Baba anakubali kuingia mwenyewe katika kifungo kile kile kilichowahi kumtesa zamani, ili amfikie mwanawe ndani ya fikra zake. Hamwamrishi atoke. Anamwambia kwamba asipotoka, basi naye atabaki. Hapo ndipo kijana anapogeuka. Waliokuwa wakilalamika kuhusu risasi na milipuko, wengi wao walikiri kwamba dakika zile ziliwashika. Baba aliyechelewa miaka 20 hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Laiti waandishi wangeishia hapo kuhusu Jack. Mwaka mmoja baadaye, katika dakika za mwisho, tunamkuta keshavalishwa sare ya afisa na kupewa nafasi pembeni ya nahodha wa chombo kipya, ilhali wengine husota chuoni miaka 4. Mashabiki hawakulinyamazia: upendeleo wa mtoto wa mkubwa, wakasema, na hakuna nchi ambayo watu wake wangehitaji tafsiri ya neno hilo.

Yupo pia nahodha Shaw, mtu mkali na msumbufu, aliyekataa katakata kumwita msaidizi wake kwa jina alilojichagulia mwenyewe. Aliuawa sehemu moja kabla ya mwisho, akiwa amelitamka jina hilo kwa mara ya kwanza. Kisha ikaoneshwa kwamba zamani alikuwa ameandika kwa siri kumpendekeza apandishwe cheo. Kifo chake kiliwauma watazamaji kuliko walivyotarajia, na kwa maoni yetu ndicho kifo pekee chenye uzito katika msimu ule. Data amekufa mwaka 2002; akafa tena katika msimu wa 2020, tena kwa ombi lake mwenyewe, akisema uhai usio na mwisho hauna maana; kisha mwaka 2023 akarudi katika mwili mwingine akicheka. Mashabiki waliofurahi kumwona walifurahi, lakini waliosema kwamba sasa maneno yake ya 2020 yamefutwa, sisi tuko pamoja nao.

Baada ya siku chache kilio kikageuka ombi. Maelfu walitia saini kudai mfululizo mwingine uitwao Legacy, ambao Matalas alikuwa amedokeza kuwa angependa kuutengeneza. Kudai ni mila yao ya kale. Mwaka 1968 tamthilia ya kwanza, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, ilipokaribia kufutwa, mashabiki waliimwagia kampuni ya televisheni ya NBC barua kwa wingi hadi ikaongezwa msimu wa 3. Ndiyo tamthilia ile ile iliyokuwa na afisa wa mawasiliano mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, mwenye jina la Uhura lililotokana na neno letu uhuru. Na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Kiswahili kilisikika kikizungumzwa chomboni. Wengi wa wanaokizungumza nyumbani hawana habari hiyo.

Safari hii barua hazikuitikiwa. Mwisho uliobaki ni ule uliooneshwa: marafiki 7 mezani wakicheza karata, kamera ikiwatazama kutoka juu, kama ilivyokuwa mwaka 1994, siku nahodha alipoketi na wadogo zake mezani kwa mara ya kwanza baada ya miaka 7 ya kuwatazama kwa mbali. Mchezo wenyewe hatuusifu, lakini kuketi kule tunakuelewa. Waigizaji waliachwa wacheze kweli, na vicheko vingi vinavyosikika ni vyao wenyewe.

Stewart alitaka mwisho mwingine. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka huo huo wa 2023 ameeleza kwamba alitamani Picard aonekane jioni katika shamba lake la mizabibu, peke yake na mbwa wake, akiwa ametulia. Kisha kutoka ndani ya nyumba isikike sauti ya mwanamke ikimwita, nasi tujue tu kwamba hatimaye ana mke. Onyesho hilo liliandikwa. Muda wa kurekodi ulipokwisha lilikuwa bado halijachukuliwa, na halikuchukuliwa tena.